Meno Mawili Niliyomficha Mama

Jamani, leo nimeingia kwa daktari wa meno wa huku ughaibuni kama mkalimani wa Mama, nimetoka mgonjwa.

Mdogo wangu Neema ana miaka minane na jino lake la mbele limegoma kuota. Eksirei imeonyesha jino la ziada limelizibia njia. Litatolewa.

Daktari akasema jambo hili huwa la kifamilia, akanipiga na mimi eksirei.

Ninayo mawili ya ziada. Akasema nayo yatolewe.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema mimi sina tatizo."

Msaidizi wa daktari, aliyekuwa kimya tangu tufike, akashusha barakoa.

"Mama, huyu anakuficha. Ako na mawili."

Mkenya.

Mama ameamua nitangulie mimi, Alhamisi, ili Neema aone kwamba haiumi.

Aliyewahi kutolewa aniandikie. Kama iliuma, anidanganye.