Bluu Bahari au Maziwa

Fundi amejaribisha rangi mbili ukutani, bluu bahari na maziwa, ananisubiri nichague. Harufu ya rangi imenirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga, Kariakoo.

Mama naye alijaribisha rangi hizo hizo, nyuma ya mlango. Yeye alitaka maziwa. Mimi nikalilia bluu bahari mpaka akakubali. Tulipaka Jumapili nzima, vyombo vyote vikiwa uani, tukipokezana brashi moja.

Jioni mama mwenye nyumba alikuja kuchungulia. Akapapasa ukuta.

"Hee! Hiki sasa chumba cha bibi harusi!"

Mama akacheka, akamshukuru.

Hata wiki haikuisha, akarudi kutuambia tuhame. Mwanawe anaoa, na amekipenda chumba hicho hicho, kwa sababu ya rangi.

Tulipokuwa tunatoa godoro, mwenye nyumba akasimama mlangoni bila haya. "Hiyo iliyobaki kwenye kopo mtuachie, tumalizie mlango."

Nilitaka mama aimwage mtaroni. Badala yake aliiosha brashi taratibu mpaka ikatakata, akailaza juu ya kopo, akamkabidhi kwa mikono miwili.