Paswadi ya Mwalimu Wabuge

Kabla Jepkemboi hajaletwa, kompyuta za shule ile ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Eldoret, zilikuwa na mwenyewe: Mwalimu Wabuge. Alizipokea zikiwa kwenye maboksi, akaziunganisha kwa mikono yake, na moja ikigoma ni yeye aliyeitwa.

Kisha ikasikika kwamba wezi wa mtandao wamefunga alama zote za shule jirani, wakidai pesa. Mwalimu mkuu, Mama Chepngetich, akaingiwa na hofu, akamwajiri Jepkemboi, binti aliyesomea kulinda mitandao. Punde walimu wakawa wanamwita "daktari wetu". Kila kicheko kilichotoka mezani kwake kilimchoma Wabuge.

"Mwalimu, umebaki wewe tu kubadilisha paswadi," Jepkemboi alimwambia kwa adabu.

"Hii nimeitumia tangu ukiwa bado darasa la nne. Imekukosea nini?"

Ijumaa hiyo Wabuge alipata barua pepe ya kumwalika Kaptagat, kwenye mkutano wa walimu bora wa kompyuta. Moyo ukamruka. Kumbe kuna mtu anayemthamini! Barua ikaomba paswadi yake, naye akaiandika papo hapo.

Jumatatu asubuhi hakuna kompyuta iliyofunguka. Kila kioo kilidai malipo. Mwaliko ulikuwa mtego.

Lakini Jepkemboi alikuwa amehifadhi nakala za alama kwenye diski isiyounganishwa na mtandao. Alisafisha kompyuta moja baada ya nyingine, akarudisha kila kitu.

"Nani aliwafungulia?" walimu wakauliza.

"Walitumia barua pepe ya uongo. Ingempata yeyote kati yetu," akajibu, bila kumtazama Wabuge.

Walimpigia makofi. Wabuge naye akapiga. Afadhali angemtaja! Sasa hata kwa wema alikuwa amemshinda.

Akamfuata nje. "Kwa nini hukunitaja?"

"Nikikuaibisha, atakayedanganywa kesho hatasema. Ila Mama Chepngetich lazima ajue. Twende pamoja?"

Wakaenda. Wabuge alijieleza mwenyewe, akapewa onyo, na kazi ya kufundisha kidato cha kwanza kutambua barua za uongo.

Anaifanya vizuri, na paswadi amebadilisha. Jepkemboi hukaa nyuma ya darasa akisikiliza. Lakini swali likiwa gumu, wasichana hugeuza shingo kumtazama yeye, na roho ya Wabuge hufinywa upya.