Mzee Mawe

Madereva wa Tunduma walimcheka Ezron kwa jambo moja: kila alipoona jiwe barabarani, alisimamisha lori, akashuka na kulisukumia pembeni. Dereva mwenye miaka ishirini na mbili kwenye usukani, kitambi mbele, anahangaika na mawe! Walimwita Mzee Mawe, naye akacheka pamoja nao. Laiti wangejua.

Miaka mitatu nyuma lori lake lilizimika mlimani, kabla ya kufika Vwawa, likiwa limejaa mahindi. Alifanya kama wafanyavyo wote, akaweka jiwe kubwa nyuma ya tairi ili gari lisirudi. Injini ilipokubali, akaondoka palepale kuwahi foleni ya mpakani, jiwe akaliacha kwenye lami. Kulitoa ni kazi ya dakika moja. Dakika hiyo inamtafuna mpaka leo.

Baadaye alianza kupeleka mahindi kwenye ghala moja mjini Tunduma. Mtunza ghala, kijana aitwaye Ipyana, alimsimulia jinsi alivyokuwa dereva wa bodaboda, akalivaa jiwe kwenye mlima uleule, siku ileile. Mguu ukaunganishwa kwa vyuma, na pikipiki ikaishia hapo. Ezron alisema pole, basi. Tangu hapo, kila wiki magunia yakishushwa, wawili hao hukaa kwenye benchi na Ipyana humkatia nusu ya chapati yake. Ezron huila akitazama pembeni.

Jumanne iliyopita Ipyana alikuja akichechemea, uso umechangamka.

"Mzee wangu, kumbe wewe ndiye Mzee Mawe! Mungu akubariki. Angetangulia mtu kama wewe siku ile, ningekuwa na mguu wangu."

Ezron alijiona mwizi anayeshukuriwa na aliyemwibia. Hakuweza kuficha tena.

"Jiwe lile nililiacha mimi, mdogo wangu. Nisamehe. Ilikuwa haraka tu, nikasahau."

Ipyana aliiweka chapati chini. Wapagazi walipita na magunia matatu, manne.

"Nilipokuwa chini," alisema hatimaye, "niliona lori likipanda polepole, halijafika mbali. Lilikuwa na vioo vikubwa vya kutazama nyuma. Uliniona?"

Jibu rahisi lilikuwepo, lile ambalo Ezron alijipa kwa miaka mitatu. Aliutazama ule mguu, akainua macho.

"Nilikuona," alisema.