Halina Aliyesoma Sahani

Halina alifariki mwezi wa pili. Ardhi ilikuwa imeganda, sururu haiingii, kwa hiyo tulingoja mpaka mwezi wa nne kumzika, kama tunavyofanya huku. Wiki zile za kungoja watu walikuja na vyungu vya supu, wakaniuliza habari zake. Mimi si msemaji. Nitasimulia mwezi mmoja tu wa mwaka sabini na sita, binti yetu Cela alipotakiwa kuchagua chuo. Anayetaka kumjua Halina atamkuta humo.

Alizaliwa kwenye shamba la vitunguu, mtoto wa sita. Alisoma hadi darasa la nane, akaingia kwenye mabanda ya tumbaku kushona majani. Nilimkuta huko. Alishona haraka kuliko mimi na hakunificha. Tulipooana tulilima ekari tisa kando ya mto, naye akapata kazi ya upishi katika chuo cha wasichana kilicho mlimani. Pale kila bweni lilikuwa na jiko lake na mpishi wake. Bweni la Halina lilikuwa na wasichana sitini. Hadi mwaka ule alikuwa amewapikia miaka ishirini na miwili.

Mpishi haruhusiwi kutoka jikoni kwenda chumba cha kulia. Sahani ndizo zinazomjia, kupitia kidirisha. Halina akajifunza kuzisoma. Akirudi nyumbani aliniambia, "Yule anayekaa pembeni kapata barua mbaya, nyama hajaigusa." Siku nyingine, "Mrefu kafaulu. Kaomba viazi mara tatu." Hakukosea sana. Na kupitia kidirisha kile aliwasikia wakibishana juu ya vita, juu ya nyota, juu ya Mungu.

"Supu inapoa wao wanabishana," alisema. "Na hakuna anayengoja mwanaume amalize kusema."

Cela wakati huo alikuwa na miaka sita. Halina akasema Cela atakaa kwenye meza ile. Alisema mara moja tu, nami nilisikia.

Basi Cela akafika miaka kumi na minane, na mwezi wa nne barua mbili zikaja wiki moja. Ya kwanza ilitoka mlimani. Ya pili ilitoka chuo cha ng'ambo ya mto, ambacho tangu enzi za mababu kilichukua wavulana peke yao, na mwaka uliotangulia ndipo walipofungulia wasichana mlango. Vyote viwili vilimtaka. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe moja mwezi wa tano.

Niliuliza ukimaliza huko unakuwa nani.

"Huwi mtu fulani, Baba. Unasoma historia, lugha, hesabu, kila kitu kidogo. Unajifunza kufikiri."

"Ng'ombe wangu wanafikiri na hawajaenda popote."

"Ndiyo maana wako bado zizini," alisema Cela.

Halina alicheka mpaka akaweka kisu chini. Alikuwa anakata kabichi. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Umeelekea wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

"Kwa nini?"

"Dunia ina wanaume, Mama. Nikae miaka minne na wasichana watupu, nikitoka nitaanza upya?"

"Hao wa mlimani wakitoka hawaanzi upya. Nimewaona."

"Umewaona kwa kidirisha."

Halina akaendelea kukata. Baadaye kidogo akasema, "Ni aproni yangu?"

Mimi nilitaka kutoka nje lakini mlango ulikuwa upande wao.

"Nimekuuliza. Ni kwa sababu utakaa mezani na mama yako yuko nyuma ya ukuta?"

"Kidogo," alisema Cela.

"Afadhali umesema."

Usiku huo sikumsikia akilia. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Jioni akaniambia Jumamosi hatakuwapo. Rafiki yake Bronia alikuwa anahudumu kwenye ukumbi wa chakula wa chuo kile cha ng'ambo, na Halina alikuwa amemwomba wabadilishane zamu.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kuona sahani."

Alikwenda na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko wa karatasi. Alirudi saa tatu usiku, miguu imevimba. Cela alikuwa mezani, barua zote mbili mbele yake. Halina akaketi, akavua viatu, akaomba chai. Nikamtengenezea.

"Mama, Bronia anasema ulichukua zamu yake."

"Nilichukua."

"Ulikuwa unanipeleleza kabla hata sijafika?"

"Sikukupeleleza wewe. Nimekipeleleza chuo." Akanywa chai. "Majengo mazuri. Mkate wao mbaya. Wavulana wana adabu, mmoja alinibebea ndoo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli."

"Na?"

"Sehemu yangu ilikuwa na meza nne. Wavulana zaidi ya thelathini, wasichana wanne. Wavulana sahani zao zilirudi nyeupe. Za wasichana zilirudi zimejaa. Wote wanne, Cela. Nilisimama karibu nikiokota glasi. Mmoja alianza kusema jambo, mvulana akalimalizia. Akaanza tena, mwingine akalimalizia. Mara ya tatu akachukua uma akawa anachora chora kwenye viazi."

Cela alikuwa ameacha kuigusa karatasi.

"Mlimani hata mgonjwa anakula," alisema Halina. "Basi. Nimesema nilichokiona. Sitasema zaidi."

"Walikuwa wanne?"

"Wanne."

"Basi wanahitaji wa tano."

Nilimtazama Halina. Alikuwa amekwenda kule kutafuta sababu ya kumrudisha mtoto mlimani, akaipata, akaileta nyumbani, na mtoto ameitumia kwenda upande wa pili. Angeweza kubisha. Angeweza kusema kwamba na ule mkate hawatamlisha vizuri, au kwamba mimi ningesikitika. Nilikuwa tayari kuitikia lolote.

"Utakula?" aliuliza.

"Nitakula na kumaliza ninalosema."

"Yote mawili kwa pamoja ni utovu wa adabu," alisema Halina, akaenda kulala.

Cela aliandika majibu mawili, ndiyo moja na hapana moja. Jumatatu alikuwa na mtihani, kwa hiyo akampa mama yake ayapeleke posta. Mimi niliendesha lori. Halina alishuka, akasimama mbele ya sanduku bahasha zikiwa mkononi. Watu wawili walifika, wakatumbukiza za kwao, wakaondoka. Yeye bado amesimama. Niliona anageuza ile ya mlimani, anasoma anwani, nadhani akiyapita kichwani bweni baada ya bweni, mpaka lake. Tarehe moja ilikuwa haijafika. Angeichelewesha ile ya ng'ambo siku nne tu, nafasi ya Cela kule ingepotea.

Alizitumbukiza zote mbili. Akarudi kwenye lori.

"Ulikuwa unafanya nini muda wote ule?"

"Nilikuwa mama yake," alisema. "Sasa nipeleke kazini. Nina watu sitini."

Alikuwa na macho mekundu. Jioni ile alipika nyama ya nguruwe na tufaha, kwa sababu ilikuwa zamu ya nyama ya nguruwe.

Mwezi wa kumi na moja Cela alikuja nyumbani kwa sikukuu, akatuambia mwalimu wake alimwuliza mbele ya darasa, peke yake kati ya wavulana kumi na tisa, wanawake wanalionaje jambo walilokuwa wakijadili. Akamjibu, "Sijui, bwana. Wako wengi mno. Mimi naliona hivi," akasema alivyoliona, na mwalimu akaandika ubaoni.

Halina alinifanya nimwombe Cela alisimulie tena. Kisha akasema, "Mlimani angeulizwa anavyoliona tangu mwanzo," akamjazia binti yake bakuli la supu.

Hakuwahi kuacha kuamini hivyo, na hakuwahi kumwambia Cela kwamba alikosea. Nimeishi naye miaka hamsini na mmoja. Sikujua mtu mwingine aliyeweza kubeba hayo mawili bila kumwaga.