Msanii Aliniita Mlinzi wa Msitu, Nikampiga Mume wa Dada Yangu

Admin, nifichie jina na picha, huku Kasulu watu wengi wananijua kwa sura. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na watoto wawili, nalima maharage na mahindi kwenye kijiji kimoja cha upande wa Titye. Naandika haya bega likiwa limevimba, nitawaeleza kwa nini.

Mwaka jana alikuja kwetu msanii mkubwa kutoka Dar, yule ambaye hata bibi zetu wanaimba nyimbo zake. Ilikuwa kampeni ya mabadiliko ya tabianchi. Neno lenyewe kwetu ni geni, ila jambo tunalijua: misimu miwili mfululizo maharage yalikauka yakiwa kwenye maua, na kijito tunachochota maji kikabaki matope. Nilichaguliwa kusema kwa niaba ya wakulima. Nilipomaliza, msanii akanishika mkono, akaunyanyua juu mbele ya uwanja mzima, akasema, "Huyu ndiye mlinzi wenu. Mkimwona anayekata msitu, msimchekee." Ile video ilizunguka kila simu. Toka siku hiyo nikaitwa Balozi. Nilijiona mtu.

Tukaunda kikundi, vijana wanane, tulinde msitu wa kijiji. Mwanzo tulikuwa tunawafukuza tu wachoma mkaa na kubomoa matanuru yao. Baadaye tukaanza kuwachapa fimbo. Nisiwadanganye, nilikuwa napenda. Nilipenda kuona mtu mzima amepiga magoti ananiomba msamaha.

Siku moja mchana tuliona moshi bondeni. Tukamkuta mtu ameinama anafukia tanuru, kavaa koti lenye kofia, kajaa masizi. Hatukumuuliza kitu. Mimi ndiye niliyempiga rungu la kwanza, mgongoni. Akaanguka kifudifudi, wenzangu wakamvamia kwa mateke na fimbo. Alipoinua mkono kukinga kichwa, mmoja wetu akashusha panga, vidole viwili vikadondoka palepale. Damu ikachanganyika na vumbi la mkaa. Ndipo akageuza uso, akaniangalia, akasema taratibu, "Muramu, ni mimi."

Kwetu Waha muramu ni shemeji. Alikuwa mume wa dada yangu, dada niliyezaliwa naye tumbo moja, yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sikujua kama mumewe ameanza kuchoma mkaa. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba maharage yao nayo yalikauka na nyumbani walikuwa wanakula mlo mmoja.

Wenzangu walisimama wakanitazama, waone Balozi atafanya nini. Nikainua rungu nikampiga tena. La kichwani. Nilisikia mfupa. Hakusema tena neno.

Tukamwacha pale, tukakimbia. Wanawake waliokuwa wanaokota kuni ndio waliomkuta, akapelekwa hospitali ya Kabanga. Nilienda kumwona kama ndugu anavyokwenda. Dada akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mdogo wangu, nitafutie waliofanya hivi." Nikamjibu nitawatafuta. Jicho la kushoto la shemeji limekufa, na mkono ule hautashika jembe tena. Dada alipotoka kwenda kuchukua uji, shemeji akanigeukia.

"Polisi nimewaambia sikumtambua mtu," alisema. "Nakusubiri useme mwenyewe."

Sikusema. Wadogo zake shemeji wakaamua wenyewe kuwa ni wakimbizi, kwa sababu huku kwetu mti ukikatwa anasingiziwa mkimbizi. Wakamkamata baba mmoja Mkongo wa kambini, muuza sabuni, sote tunamfahamu, alikuwa amekuja sokoni na mzigo wake. Nilikuwepo. Walimpiga kwa mawe na minyororo ya baiskeli mpaka meno yakatoka. Alikuwa anasema, "Bandugu, mie sijuwe kitu, muniachie." Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Nilikuwa nimesimama hatua kama kumi kutoka pale, na sikufungua mdomo.

Wiki iliyopita watu wa kampeni wakanipigia simu. Msanii anarudi, wanataka nipande jukwaani nieleze jinsi tulivyokomesha mkaa kijijini. Nilikata simu. Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Alikuwa anatwanga mihogo. Nikamwambia ni mimi, mimi na wenzangu, na kwamba mwanzo hatukumtambua. Akauchomoa mchi kwenye kinu akanipiga nao begani, mgongoni, mbavuni, kila alipofikia. Sikujikinga. Alipochoka akakaa chini akihema, akaniuliza, "Ulipomtambua, uliacha?"

Nikamwambia, "Niliacha, dada."

Alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema ananipa mpaka siku anayokuja msanii niwe nimejipeleka polisi. Nikipanda jukwaani bila kufanya hivyo, na yeye atapanda. Wenzangu nao wamesikia, wameapa kwamba nikiwataja watanichomea ndani ya nyumba na watoto wangu. Mke wangu nimeshampeleka kwao Kibondo na wanangu.

Polisi nitaenda. Naogopa, ila nitaenda, na yule baba Mkongo nitamtaja kwamba hakuwa na kosa. Kinachonishinda ni lile jibu. Shemeji hajamwambia dada kuhusu pigo la mwisho, na sijui kama atamwambia. Anakaa mlangoni na jicho lake moja, nikifika ananisogezea kiti kama zamani. Dada ameanza kunisalimia tena. Anajisemea kwamba angalau mdogo wake alipojua ni nani, alishusha mkono. Naona hicho ndicho kinachomfanya aniite ndugu mpaka leo.

Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa kuwa sikushusha. Nimwambie kabla sijaenda kujisalimisha, au nimwachie hilo dogo analolishikilia? Mkitaka kunitukana nitukaneni, nimestahili, lakini msiniache bila jibu.