Fundi Aliyemwoza Mshenga kwa Kurasa Mbili

Saa mbili asubuhi, Soweto mjini Mbeya. Baridi ya Juni inauma masikio, na Halfani Isihaka amechuchumaa kando ya pikipiki kuukuu, anakaza mnyororo ambao jana aliukaza mara mbili. Wateja wawili wamekuja, amewarudisha.

"Leo mnisamehe, ndugu zangu. Hii inakwenda Iringa."

Pikipiki si yake. Ni ya Mzee Andendekisye, mwenzake katika chama cha waendesha pikipiki cha hapo Soweto. Kesho itampeleka mzee huyo Mlandege, mjini Iringa, kwa shughuli ambayo Halfani, mwenye miaka thelathini na sita, ameikimbia miaka minne.

Wapenzi wa riwaya watamkumbuka Halfani. Mwaka 1974 fundi huyu wa pikipiki, aliyeishia darasa la nane, alitoa kijitabu cha mapenzi, Vumbi la Igurusi, kuhusu chama kama hicho chake. Nakala elfu moja zilikwisha kwa miezi mitano. Aliyependwa kuliko hata shujaa alikuwa Sedekia, mshenga wa chama: bwana mpole anayepanda pikipiki mvua ikinyesha kwenda kuwaposea wenzake, kisha anarudi peke yake. Barua zikamiminika. Sedekia naye ataoa lini?

Basi mwaka jana Sedekia akapewa kitabu chake mwenyewe. Loh! Kurasa themanini za mashindano na pancha. Ukurasa wa themanini na moja anamwona Roza kituoni Nyololo, anampakia, na ukurasa wa themanini na tatu wameshaoana. Posa hakuna, mshenga hakuna. Mwandishi wa makala haya alikinunua kwa shilingi sita, na aliumia.

Aliyeumia zaidi yuko Mlandege. Chiku, mshonaji wa nguo, huwasomea majirani riwaya kibarazani huku cherehani imepumzika.

"Mtu ameposea nusu ya Mbeya, la kwake analifanya kama anapakia gunia la viazi!" aliniambia wiki iliyopita. "Na Roza hakuulizwa hata neno moja. Kina mama waliguna, mimi nikalia kwa hasira."

Halfani anamjua Chiku vizuri. Kila mwezi huenda Iringa "kutafuta spea", ingawa spea zimejaa Mbeya, na kila mara hubeba suruali ya kushonwa.

"Nimezitia viraka mpaka hazina tena pa kutiwa," anasema Chiku, akicheka kidogo.

Nilipomuuliza Halfani kwa nini alimharakisha Sedekia vile, aliweka spana chini.

"Sikujua mtu anasema nini pale," alisema. "Nimefika kibarazani kwake mara arobaini na kitu. Nikitaka kusema, najikuta namwambia suruali imechanika. Sasa Sedekia ningempa maneno gani, wakati mimi mwenyewe sina?"

Aprili, Chiku alimrudishia suruali na kitabu pamoja. Akamwambia kuna mfanyabiashara wa Njombe ameleta posa, na kwamba yeye Chiku amewaomba wazee wake wasijibu mpaka mwisho wa Juni.

"Nilipanda pikipiki nikarudi. Nilipofika Nyololo, katikati ya njia, ndipo nikaelewa alichoniambia," anasema Halfani. "Mjinga mimi!"

Leo ni tarehe kumi na tisa. Ndiyo maana mnyororo unakazwa mara ya tatu.

Barua ya posa imeandikwa na mjomba wake. Halfani naye aliandika ya kwake, kurasa nne. Mzee Andendekisye, ambaye ndiye Sedekia mwenyewe kwa mujibu wa wanachama wote, aliisoma yote, akaikunja, akamrudishia.

"Maandishi yako tumeyaona, mwanangu," alimwambia. "Safari hii nyamaza. Hata mshenga hajiposei, sembuse wewe uliyeshindwa kumwandikia posa yake."

Na Chiku je, atajibu nini? Nilimuuliza. Alishika gurudumu la cherehani.

"Jibu hapewi mwandishi wa gazeti," alisema. "Anapewa mshenga."

Halfani ana mpango wa kukiandika upya kitabu cha Sedekia. Amekwisha kuzipunguza pancha, na Roza sasa anaonekana tangu ukurasa wa tano. Lakini mwisho hajaugusa. Anafuta mikono kwa tambara.

"Nangoja Mzee arudi," anasema. "Nitamkalisha hapa, anieleze binti alisema nini, neno kwa neno. Nikilisikia mimi, na Roza atasema."