Simu Iliyokatwa Kwenye Salamu

Kwa miaka saba mama yangu alifunga tumbo kwa kitenge, akalima pamba, akachota maji. Chini ya kitovu, kwenye kovu la upasuaji uliomleta duniani mdogo wangu wa mwisho, ukuta wa tumbo ulikuwa umeachia. Kila alipoinama, kitu laini cha ukubwa wa ngumi kilichomoza pale. Ngiri. Lakini kijijini kwetu, upande wa Lagangabilili, ngiri ni ugonjwa wa wanaume, kwa hiyo wa mama haukuwa na jina. Ulikuwa na mzaha tu. Kisimani wenzake walimuuliza, "Mayu," yaani mama, "huyo unamzaa lini?" naye akajibu kwamba anasubiri mvua.

Ule mzaha ungali unanichoma. Lakini kinachonichoma zaidi ni simu ya chini ya dakika moja.

Hospitali moja, ambayo siitaji, ilikuwa na utafiti wa ngiri za tumboni. Baadhi ya wagonjwa wangeshonwa kwa nyuzi peke yake, wengine wangewekewa wavu wa kushikilia ukuta wa tumbo, kisha wote wafuatiliwe kwa simu mwaka mzima ili ijulikane ngiri ya nani inarudi. Swali jema, sina ugomvi nalo. Mama alisomewa karatasi, akaweka dole gumba, akaangukia kundi la nyuzi, akashonwa. Ambaye ngiri yake ingerudi angeitwa na kupasuliwa tena. Hiyo ndiyo ahadi tuliyorudi nayo nyumbani.

Nilikuja likizo wakati wa kuchuma pamba. Tulikuwa shambani, mifuko imefungwa viunoni, simu yake ikaita. Akaiweka kwa sauti ili nami nisikie. Alikuwa binti wa utafiti ule, sauti yake safi, ya mjini.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Mhola duhu."

"Uvimbe haujatokeza tena?"

"Mhola."

"Haya mama, asante sana."

Mama aliitazama simu kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado anavua viatu. "Amekata," akasema. "Sijamwambia."

Ndipo akafungua kitenge, pale pale kati ya mistari ya pamba, nikaiona ngiri. Imerudi, tena kubwa kuliko ya kwanza. Akasema ana mwezi mzima nayo, na siku nyingine humbana mpaka anatapika.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini amesema ni mzima. Alinishangaa. Kwetu mgeni hapokelewi kwa maradhi. Anasalimiwa, anaambiwa mhola, yaani amani, au mhola duhu, amani tu. Unamuuliza ya kwao, naye anakuuliza ya kwako: watu mhola, ng'ombe mhola, mvua mhola. Hata kama kuna maiti ndani, kwanza mhola. Shida ina zamu yake, na zamu hiyo huja salamu zikiisha. Binti yule aliuliza ugonjwa katikati ya salamu, akajibiwa salamu, akaandika kwamba mama amepona.

Niliwaka. Watu wamesoma, wana vishikwambi na karatasi za ridhaa, wamefunga safari mpaka kwa Wasukuma kuuliza habari za matumbo yao, na hakuna aliyekaa chini akajifunza wanavyojibu! Nilitembea kwenye mistari ile nikivirarua vitumba vya pamba kama mwenye kisasi, mpaka mama akaniambia nisiharibu mavuno yake.

Halafu hasira ikanigeukia. Mimi ni mwandishi. Mimi ndiye ninayejigamba mjini kwamba nasikia kilicho chini ya maneno ya watu. Na kila Jumapili nilimpigia mama, nikasikia mhola, nikarudi kwenye riwaya yangu. Mimi pia nilikuwa nakata.

Wiki iliyofuata tulikwenda Bariadi, siku ambayo daktari wa upasuaji wa utafiti ule huja kuona wagonjwa. Mlangoni alikaa binti wa simu. Nilimtambua kwa sauti. Alitafuta jina, akanionyesha kioo cha kishikwambi: hajarudiwa na ngiri. Nikamwambia atazame tumbo, si kioo. Akasema kwa upole kwamba mfumo umeshafunga majibu ya mwezi wa sita tangu upasuaji, yeye hawezi kuyagusa. Sitarudia hapa yote niliyomwambia. Watu kwenye benchi waligeuka kunitazama.

Ndani, daktari akamwuliza mama hali yake.

"Mhola," akasema mama.

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya kiganja, kwa nguvu. Daktari alikuwa mtu mzima, na sijui kama alijua au alikuwa amechoka tu, lakini hakurukia ugonjwa. Aliuliza mvua za kwetu. Mhola. Pamba? Mhola. Mama naye akamwuliza watoto wake, hawajambo. Nilihesabu pumzi zangu.

"Sasa, daktari," mama akasema, akifungua kitenge, "tumeshasalimiana. Tazama hapa."

Akaambiwa akohoe, na uvimbe ukajaa mkononi mwa daktari. Alisema ngiri itashonwa upya, safari hii kwa wavu, na isingoje pamba iishe. Akampa siku: Alhamisi.

Tulipotoka, binti aliinuka. Nilikuwa nimejiandaa kupita bila kumtazama, kwa sababu Alhamisi mama angelala kwenye meza ya upasuaji huku kile kioo kikisema amepona, na siku moja mtu angekisoma kitu hicho mahali fulani na kukiita ukweli. Mama ndiye aliyesimama. Akamshika mkono, akamwuliza kwao ni wapi, wazazi wazima? Binti akajibu yote, macho chini.

"Ukinipigia tena," mama akamwambia, "ukishanisalimia, usikate."

Binti akachukua kalamu, akaliandika hilo kwenye kiganja chake, kwa kuwa kile kioo hakikuwa na nafasi yake.